Kuku wa Mahojiano

Ujumbe ulioingia kwenye simu ya Phanice ulikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba kiwanda cha unga wa ndizi kilichoko Kiogoro kimemchagua kufika kwenye mahojiano ya kazi ya msaidizi wa maabara. Ya pili ilisema kwamba kuitwa kwenye mahojiano si kuajiriwa. Phanice alimsomea mama yake zote mbili, polepole, akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Orpah, mama yake, alisikia ya kwanza. Ya pili ilimkuta ameshapiga magoti.

Baada ya maombi, Orpah alijitwika kikapu akaenda kupimiwa majani chai. Foleni ya mizani ilikuwa ndefu, na watu wa Nyamache si watu wa kukaa kimya kwenye foleni, basi habari ikapata muda wa kukua. Ilianza kwamba Phanice ameitwa intaviu. Ilipofika katikati ya foleni, Phanice alikuwa amepata kazi. Ilipofika kwenye mizani, alikuwa na ofisi. Karani wa mizani aliuliza kama ofisi hiyo inakuja na gari, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hakika, ilionekana ni adabu kumpa gari kwanza, likanushwe baadaye.

Sabato iliyofuata, mzee wa kanisa alisimama kutoa shukrani. Hakuomba Phanice apate kazi. Hilo lilikuwa limeshapita. Aliomba Phanice asije akawasahau. Ibada ilipokwisha, mama mmoja alimvuta kando ya ua akamkabidhi bahasha ya kijana wake aliyesomea umeme.

"Weka tu pale juu ya meza yako," akasema. "Si lazima iwe ya kwanza kabisa. Hata ya pili ni sawa."

"Mama, sina meza. Ninaenda kuulizwa maswali tu."

"Haya, kuringa ndiyo hiyo imeanza," mama yule akasema, akicheka bila ubaya wowote. Kufikia jioni Phanice alikuwa na bahasha za watu ambao hata hakujua walisoma.

Hakuwa na moyo wa kuwacheka. Yeye mwenyewe alikuwa amemaliza diploma ya sayansi ya vyakula miaka minne iliyopita, na tangu hapo alikuwa amepeleka maombi ya kazi kila mahali palipokuwa na anwani. Wengi hawakumjibu. Waliomjibu walimshukuru kwa kuvutiwa na kampuni yao. Lakini hilo silo lililomnyima usingizi. Kilichomwogopesha ni kwamba alikuwa ameanza kusahau. Akiwa shambani anachuma chai pamoja na mama yake, alizoea kujikumbusha hatua za kupima unyevu kwenye unga: pima sampuli, kausha, poza, pima tena, piga hesabu. Mwaka wa kwanza hatua zilikuja zenyewe. Siku hizi aligundua kwamba hatua moja huwa imetoroka, na kuirudisha humchukua mstari mzima wa chai. Akikaa nje ya maabara mwaka mmoja zaidi, alihofu, atabaki na cheti kilichoandikwa jina lake na kilichosomewa na mtu mwingine. Kwa hiyo aliitaka kazi ile, kwa hamu kuliko hata mama yake; ila yeye alikuwa amesoma sentensi ya pili.

Alimpigia simu Lynette Aloo. Walisoma pamoja chuoni, na Lynette, mtoto wa upande wa ziwani, sasa alifanya kazi katika ofisi ya waajiriwa ya duka moja kubwa mjini Kisii. Yaani alikuwa amewahi kukaa ule upande wa meza unaouliza.

"Sikiza, Phani," Lynette alisema. "Wameita watu wengi na kazi ni moja. Labda wanamjua wanayemtaka. Labda hata hawajui wanataka nini. Hiyo ya pili ndiyo huwa mara nyingi. Watakuuliza unajiona wapi baada ya miaka mitano."

"Na nikiwaambia sijioni?"

"Usithubutu. Wanataka ujione hapo hapo kwao, lakini si kwenye kiti chao."

"Na mshahara?"

"Uliza wamepanga nini, usikie, ndiyo ujibu. Usitaje ndoto zako. Na kitu hujui, sema hujui. Ile kazi ukiipata itakuwa ndogo kuliko tangazo. Matangazo yote huwa yamevaa viatu virefu."

"Kwa hivyo nisitarajie kitu."

"Tarajia kuulizwa maswali na kurudi nyumbani. Kingine kikija, nipigie tena."

Ulikuwa ushauri mzuri, na ungemsaidia sana mtu asiye na familia.

Familia ilifika jioni ileile, katika umbo la Manasseh. Manasseh alikuwa ndugu mdogo wa marehemu baba yake, na Phanice alimwita Tata, kama Wakisii wanavyomwita baba na ndugu za baba. Katika ukoo wao hakuna binti aliyeposwa bila Manasseh kuketi upande wa binti. Alikuwa msemaji. Alijua lini anyamaze, lini akohoe, lini aseme kwamba ng'ombe aliotajiwa ni wa kuchekesha. Safari hii alikuja na Mzee Anyona, ambaye kazi yake katika posa zote ilikuwa ni kukataa. Anyona hakuwa anasikia vizuri, na jambo hilo lilimsaidia sana.

Waliketi, wakapewa chai, na Manasseh akafungua kikao.

"Nani anaenda kwa nani?"

"Mimi ninaenda kwao, Tata."

"Na nani aliyesema anatafuta?"

"Wao walitangaza, lakini..."

"Wao ndio wanatafuta. Wametuma neno. Wanataka kukuona, wanataka kujua umesoma nini na unatoka kwa nani." Manasseh aliwatazama wote mmoja mmoja. "Sasa mnipe kitu kimoja kipya hapo. Kazi hii nimeifanya kabla huyu hajazaliwa."

Orpah alitikisa kichwa kwa kuridhika. Phanice alitazama kikombe chake.

"Kwanza," Manasseh akaendelea, "usijibu haraka. Mtu anayejibu haraka ana shida nyumbani. Pili, uwaulize yule aliyekuwa hapo kabla yako walimfanya nini. Hakuna nyumba ya kuingia bila kuuliza hilo. Tatu, wakitaja kitu, hicho si kitu. Kitu bado kiko mfukoni. Na wakikaza, unasimama. Sisi tukisimama huwa hatufiki langoni. Wanatukimbilia."

"Tata, ile ni posa. Hii ni kazi. Wanaoitaka ni wengi."

"Hata wasichana ni wengi. Mama yako hapa alitafutwa akapatikana, si ndiyo?"

"Tukatae?" Mzee Anyona akauliza, akiinua kichwa kutoka kwenye chai.

"Bado, mzee. Bado wiki ijayo."

Phanice aliweka kikombe chini. "Tata, tafadhali. Si mnajua hapa huwa mtu anaenda peke yake? Msije."

"Nani amesema tunakuja?" Manasseh akamjibu.

Lilikuwa jibu la fundi. Halikuwa na uongo ndani yake, wala halikuwa na jibu.

Siku ya mahojiano Phanice alifika Kiogoro mapema, akiwa na sketi nyeusi, vyeti ndani ya faili ya plastiki, na hatua zote za kupima unyevu kichwani, ikiwemo ile inayotoroka. Chini ya kibanda cha mabati waliketi waombaji wenzake, wote na faili za plastiki. Walisalimiana kwa upole mkubwa, kama watu ambao kila mmoja wao ameshashukuriwa Mungu kanisani kwake kwa ajili ya kazi ileile.

Ndipo akasikia sauti anayoijua ikitoka uwanjani.

"Hii ni yenu, ama mmeazima?"

Manasseh, akiwa na koti lake la posa, alisimama mbele ya mashine ya kukaushia ndizi. Aliizunguka. Aliipiga ubavuni kwa kiganja, akasikiliza. Kwa desturi, upande wa binti huenda kwa kina mvulana kuwaona ng'ombe kabla ya kukubaliana, na Manasseh alikuwa amewahi kukuta ng'ombe wa jirani wameazimwa kwa siku moja ili kupamba zizi. Tangu hapo hakuamini kitu kilichosimama vizuri sana. Mfanyakazi aliyeulizwa alimhakikishia kwamba mashine ni ya kiwanda. Mzee Anyona alikuwa nyuma yao, ameshika kuku mwekundu aliyefungwa miguu, maana watu wazima hawatembelei nyumba ya watu mikono mitupu. Mlinzi aliwaona wazee wawili wenye makoti, akadhani ni wakulima wa ndizi wamekuja kudai malipo, akawafungulia kwa huruma.

Phanice aligeuza uso upande wa pili. Kwa muda mfupi alikuwa mtu asiye na ukoo. Kisha Anyona akamwona, akainua kuku juu kumsalimia, na waombaji wote wakageuka kumtazama Phanice.

"Ni wako?" msichana wa kando akamwuliza.

"Kuku?"

"Wazee."

"Tunatoka upande mmoja," Phanice akasema, na kabla hajaulizwa zaidi jina lake likaitwa.

Ndani kulikuwa na watu wawili. Lorna, meneja, alikuwa mwanamke wa makamo aliyeonekana hajalala vizuri tangu kiwanda kifunguliwe. Ogada alikuwa msimamizi wa uzalishaji, mrefu, ana vumbi la unga kwenye nyusi. Lorna alimwambia ajieleze, Phanice akajieleza. Aliulizwa anajiona wapi baada ya miaka mitano. Miaka mitano iliyopita alijiona mahali pazuri sana, lakini hilo hakulisema. Alijiona hapo hapo, akikwepa viti vyao. Lorna aliandika kitu kifupi.

Kisha Ogada akauliza swali ambalo halikuonekana kutoka kwenye karatasi yoyote. Vipande vya ndizi vimetoka kwenye mashine vikavu kwa nje, unga umesagwa, umefungwa, na baada ya muda unanuka. Angefanya nini?

Phanice alinyoosha mgongo. Alisema angeshuku kwamba moto ulikuwa mkali mno mwanzoni, ganda la nje likajifunga na maji yakabaki ndani. Angechukua sampuli kutoka mifuko tofauti, apime unyevu, halafu arudi nyuma hadi kwenye unene wa vipande. Alitaja hatua zote, na ile mtoro ilikuja bila kuitwa.

"Na unyevu wa mwisho unaoruhusiwa kwenye unga huo ni kiasi gani?"

Alifungua mdomo. Namba haikuwepo. Alijua ukurasa wake, upande wa kushoto, chini ya mchoro. Namba yenyewe ilikuwa imekwenda.

"Nimekisahau," akasema. "Nilikijua. Ningekitafuta kabla ya kukitaja."

Ogada alimtazama kidogo, akaandika. Phanice alihesabu hiyo kama kazi moja iliyopotea, akashangaa jinsi ilivyouma.

"Mwisho kabisa," Lorna akasema, "unatarajia mshahara wa namna gani?"

"Ningependa kwanza kujua nyinyi mmepanga nini."

Lorna alimtazama Ogada. Ogada alitazama mlango, kwa sababu mlango ulikuwa unabishwa hodi, na waliobisha hawakungoja kukaribishwa.

"Tumeona jambo limefika mahali pake, tukasema tuingie," Manasseh akasema, akivua kofia. "Sisi ni upande wa binti."

Kuna ukimya ambao watu wa mjini huuita mshangao. Manasseh, kwa uzoefu wake, aliuchukua kuwa heshima. Alivuta kiti. Anyona alimweka kuku juu ya sakafu, kando ya kabati, na kuku akanyoosha shingo kuikagua ofisi.

"Samahani, wazee," Lorna akasema. "Haya ni mahojiano ya kazi."

"Tunajua, mama. Hatutakawia. Yule aliyekuwa kwenye kazi hii kabla ya binti wetu, mlimfanya nini?"

Ogada akapata kikohozi.

"Aliacha," Lorna akasema mwishowe.

"Mwenyewe?"

"Mzee, mambo hayo ni ya ofisi."

"Haya. Huyu mnamchukua kwa masharti gani?"

Pengine Lorna alikuwa amechoka, au pengine huko Kisii alikolelewa mtu hamfukuzi mzee mwenye koti na kofia mkononi. Alieleza kwamba bado hajachukuliwa mtu yeyote, na kwamba atakayechukuliwa ataanza kwa miezi mitatu ya majaribio.

Manasseh alimgeukia Anyona, akamwambia sikioni kwa sauti iliyofika hadi kibandani nje: "Wanataka kumchukua kwa majaribio."

"Nani?" Anyona akasema.

"Binti. Wamjaribu kwanza, wakiona hafai wamrudishe."

Anyona, ambaye alikuwa amengoja kazi yake tangu asubuhi, alikataa. Alikataa kwa mkono, kwa kichwa na kwa mdomo.

"Umesikia, mama," Manasseh akasema. "Kwetu hatujawahi kutoa mtu kwa majaribio. Basi tumesikilizana. Sisi tunaenda." Akasimama. "Phanice."

Phanice alibaki ameketi kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu sana. Akiendelea kuketi, atakuwa amemvua ndugu ya baba yake koti mbele ya watu. Akisimama, anaiacha kazi kitini. Alimtazama Lorna, akitafuta uso unaosema ngoja kidogo.

"Tutakupigia simu," Lorna alimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliommaliza. Akasimama.

Walitoka. Kuku alibaki, kwa kuwa kilichopelekwa kwa watu hakirudishwi. Waombaji waliwapisha njia kwa ukarimu wa watu ambao wamepunguziwa mpinzani mmoja.

Manasseh alitembea kuelekea langoni kwa mwendo wa fundi: si wa haraka ukaonekana wa hasira, si wa polepole ukaonekana wa kungoja. Karibu na mashine ya kukaushia alipunguza. Alisimama akafunga kamba za kiatu. Kisha akafunga za kile kingine. Alimwuliza Anyona anaonaje ndizi za upande huu, na Anyona akakataa.

"Usigeuke," Manasseh akamnong'oneza Phanice. "Wakikuona umegeuka, bei imeshuka."

Phanice hakugeuka. Mlinzi alifungua lango. Walipita. Lango likafungwa nyuma yao kwa kishindo kidogo cha kawaida, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya usemaji Manasseh alijikuta yuko barabarani bila kuitwa.

"Wanashauriana," akasema.

Waliendelea kushauriana wiki nzima, na wiki iliyofuata. Manasseh alikuja kila jioni kuuliza kama simu ina chaji. Orpah aliacha kusimama katikati ya foleni ya majani. Akawa anafika mwisho, mizani ikiwa karibu kufungwa. Bahasha nazo zilianza kurudi kwao. Mama yule wa fundi umeme alikuja mwenyewe kuchukua ya kijana wake.

"Si kwa ubaya," akaeleza. "Ni kwamba ilikuwa nakala ya mwisho."

Phanice alirudi kwenye chai. Hakumlaumu Manasseh kwa sauti. Alijaribu kumlaumu kimoyomoyo, akafika mahali akakuta ni yeye mwenyewe aliyesahau ile namba, na kwamba labda kazi ilitoka kabla hodi haijapigwa. Hakuweza kujua. Jioni moja alitoa daftari zake za chuo kutoka chini ya kitanda, akaitafuta namba. Ilikuwa upande wa kushoto, chini ya mchoro. Akaisoma mara nyingi, ingawa haikuwa na pa kwenda tena.

Simu iliita akiwa shambani, kikapu mgongoni.

"Phanice? Ni Lorna, wa kiwanda cha ndizi."

Alijibu ndiyo. Mistari miwili juu yake, Orpah aliacha kuchuma.

"Tafadhali njoo umchukue kuku wenu."

"Kuku?"

"Sisi ni kiwanda cha chakula. Hatuwezi kukaa na kuku, na wakaguzi wako njiani. Ametaga ndani ya katoni ya karatasi za printa, sasa analalia na hataki mtu aguse. Hatujachapisha kitu tangu jana."

Phanice alisema atakuja. Mama yake aliuliza wamesema nini, naye akafikiri jinsi ya kulisema jambo lile likabaki dogo.

"Wameniita nichukue kuku."

Orpah aliangalia juu mbinguni, akaanza kusogeza midomo.

"Mama. Ni kuku tu. Usimwambie mtu."

Alikwenda peke yake. Ofisini alimkuta Lorna akizungumza na katoni kwa hasira ya chini chini, na Ogada amesimama mlangoni na gunia, anaogopa. Phanice alimfunika kuku macho kwa leso, akamwinua, akamtia kikapuni pamoja na mayai yake. Hakukuwa na elimu yoyote katika hilo. Mtoto yeyote wa Nyamache angelifanya. Lorna akashusha pumzi na kuketi.

"Yule tuliyemchukua amekuja siku mbili tu," akasema, akiitazama katoni tupu. "Alitarajia meza."

Phanice alingoja. Hakujibu haraka.

"Nitakuambia ukweli ambao haukuwa kwenye tangazo. Ningeuandika, hakuna ambaye angekuja. Maabara ni chumba kimoja, mizani na oveni. Sehemu kubwa ya siku utakuwa kwenye banda la kumenya, na gambuti miguuni, unachukua sampuli. Ni miezi mitatu. Mshahara ni mdogo. Ogada alikutaka wewe tangu siku ile."

"Watu wote walikisia ile namba," Ogada akasema. "Kila mmoja yake. Wewe peke yako ulisema umesahau."

Phanice aliitaja namba. Ogada akacheka, vumbi likamwanguka kutoka kwenye nyusi.

Ndipo akakumbuka kitu, akaona aibu, akakisema hivyo hivyo. "Aliyekuwa hapa kabla ya huyo wa siku mbili, ilikuwaje?"

Lorna aliisukuma katoni kando. "Aliolewa akahamia Nakuru. Aliyemtangulia tulichelewa kumlipa. Unga haukuuzika, tukachelewa, tukachelewa tena. Akaondoka, na alikuwa na haki." Akamtazama moja kwa moja. "Siwezi kukuapia kwamba haitatokea tena. Ikitokea nitakuambia mapema. Hilo tu ndilo ninaloweza."

Lilikuwa jambo dogo kabisa kati ya yote aliyowahi kuahidiwa tangu ujumbe ule uingie kwenye simu, na la kwanza aliloliamini. Aliomba kuiona maabara. Ilikuwa kama ilivyoelezwa: chumba kimoja, mizani, oveni yenye mlango uliochubuka. Aliugusa mlango. Aliufungua, akaangalia ndani, akaufunga, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha joto.

"Nitaanza Jumatatu," akasema.

Akiwa barabarani, kikapu mkononi, alimpigia Manasseh, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa na haki ya kujua habari za kuku.

"Tata, kuku nimempata. Na wamenipa ile kazi, lakini nisikilize vizuri. Ni ya miezi mitatu. Ni ya gambuti. Mshahara ni kidogo. Hakuna ofisi wala gari."

Kwenye simu akasikia pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo.

"Si nilikuambia watatuita?" Manasseh akasema. "Safari hii walichelewa tu."

Kufikia jioni, kwenye mizani ya majani chai, Phanice alikuwa mkubwa wa maabara, na suala la gari lilikuwa limefunguliwa upya. Hakuwa na nguvu ya kulikanusha. Jumatatu alivaa gambuti zilizomzidi, akaingia banda la kumenya, na kufikia saa za chakula mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu wa ndizi hadi kwenye viwiko. Alasiri alipima unyevu wa kwanza. Alirudia mara mbili, si kwa sababu alikosea.

Miezi mitatu ikaisha, akapewa mingine mitatu. Mshahara ulichelewa mara moja, na Lorna alimwambia mapema. Huko nyumbani Manasseh alipata kazi mpya asiyoitafuta: vijana wenye faili za plastiki walianza kumfuata hadi shambani kuuliza alifanyaje. Hakuwanyima.

Kisha kiwanda kikatangaza kazi ya dereva. Asubuhi ya mahojiano Phanice alikuwa anavuka uwanja na trei ya sampuli alipomwona kijana amesimama kando ya kibanda, shati limepigwa pasi vikali, faili kwapani. Kwenye mkono wa pili alikuwa na jogoo.

"Habari, dada," kijana akasema. "Wa kupokea hii ni nani?"

"Unatoka wapi?"

"Nyakoe."

"Nani alikuambia ulete jogoo?"

"Kuna mzee mmoja wa Nyamache. Wanasema hajawahi kushindwa." Aliinama kidogo, akashusha sauti. "Na eti nikisimama, niende polepole."

Phanice aliweka trei chini. Alimchukua jogoo, akamfunga kivulini, mbali kabisa na unga, kisha akarudi akaketi kando ya kijana yule kwenye benchi.

"Ule ujumbe waliokutumia," akamwuliza, "ulikuwa na sentensi ngapi?"

Kijana alifikiri.

"Sijui, dada. Mimi nilisoma ya kwanza."